Mezotelioma na vumbi la asbesto Mwanza: udai WCF, umshitaki mwajiri, au ufuate kampuni ya nje?

Mgonjwa wa mezotelioma, yaani saratani ya utando inayotokana na kuvuta vumbi la asbesto (madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia joto na kutengeneza mabati), ana njia tatu kubwa za kudai fidia. Ya kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Ya pili ni kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri, hapa hapa nchini. Ya tatu ni dai dhidi ya kampuni ya nje iliyotengeneza bidhaa yenye asbesto au iliyomiliki kiwanda. Tunazilinganisha kwa ajili ya mtu aliyefanya kazi Mwanza au kwenye bandari za Ziwa Victoria, ambaye mara nyingi ameshastaafu, pamoja na familia inayomuuguza.

Msimamo wetu tunautanguliza, maana ugonjwa huu hautoi nafasi: wengi hawafikishi miaka miwili baada ya kugunduliwa. Peleka taarifa WCF kwanza, hata kama una wasiwasi kuwa hutakubaliwa. Fungua kesi pale ambapo mwajiri, au aliyerithi madeni yake, bado yupo na ana uwezo wa kulipa. Njia ya nje ifuate tu ukiwa na jina la kampuni na ushahidi wa kulishikilia jina hilo. Na kabla ya zote tatu, mgonjwa aapishwe na maelezo yake yaandikwe akiwa bado anaongea vizuri.

Kwanza ugonjwa uthibitishwe kwa kinyama

Mezotelioma hushambulia utando unaofunika mapafu, na mara chache utando wa tumbo. Hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Huanza na pumzi kukata, maumivu ya upande mmoja wa kifua, na maji kujaa kifuani. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa TB, kwa hiyo si ajabu daktari kuanza na dawa za TB za miezi 6. Tatizo linakuja pale maji yanapotolewa, yakarudi, yakatolewa tena, vipimo vya TB vikatoka hasi, na bado hakuna aliyechukua kinyama, yaani kipande kidogo cha utando cha kupimwa maabara. Maji peke yake yakitazamwa kwa hadubini mara nyingi hayaonyeshi seli za saratani, hata kama utando umeshaharibika.

Muulize daktari wa Bugando au wa hospitali ya rufaa unakotibiwa mambo matatu: CT skani ya kifua, kinyama cha utando wenyewe, na vipimo vya rangi maalumu vya kutofautisha mezotelioma na saratani ya kawaida ya mapafu. Kwa mgonjwa wa mezotelioma, kalretinini na WT1, ambavyo ni viashiria vinavyotafutwa kwa rangi hizo, kwa kawaida hushika, ilhali kiashiria cha TTF-1 hakishiki. Ripoti isiyo na vipimo hivyo hushambuliwa kirahisi na upande wa pili. Omba namba ya sampuli, na iombe maabara kwa maandishi isitupe kibloku cha nta chenye kinyama hicho. Kesi ikifika kwenye ubishi wa wataalamu, kibloku ndicho kitakachopimwa upya, pengine mgonjwa akiwa hayupo tena.

Kuna kosa jingine dogo linaloangusha madai. Kwenye faili la hospitali, kazi ya mzee aliyestaafu huandikwa "mkulima", kwa sababu ndicho anachofanya leo. Mwombe daktari aandike historia yote: fundi boila kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, wapi, akishika nini. Na kama mgonjwa alikuwa anavuta sigara, isifichwe. Sigara haisababishi mezotelioma. Inaongeza sana hatari ya saratani ya mapafu kwa aliyevuta asbesto, lakini huo ni ugonjwa mwingine.

Vumbi lilitoka wapi

Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na boila za vichwa vya mvuke zilivishwa asbesto ili zisipoteze joto. Viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta navyo vilikuwa na boila na mabomba ya mvuke. Mafundi wa gereji walipuliza vumbi la breki na klachi kwa kompresa. Mafundi ujenzi walikata na kutoboa mabati ya asbesto ya shule, maghala na nyumba za serikali, na wanaoyabomoa leo wanavunja mabati hayo hayo yaliyochakaa.

Melini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ya udogo wa chumba. Bomba la moshi la injini lilizungushiwa kamba na kitambaa cheupe cha asbesto, na kichwa cha injini kilikalia gasketi ya asbesto. Injini ikifunguliwa, gasketi ya zamani huwa imegandana na chuma. Fundi huibandua kwa patasi, kisha husugua mabaki kwa brashi ya waya, uso wake ukiwa karibu kabisa na chuma, ndani ya chumba kisicho na dirisha. Unga unaotoka hapo ndio wenye hatari, na anayeufagia mara nyingi ni kibarua ambaye jina lake halimo kwenye daftari la mishahara. Nyumbani mke hukung'uta ovaroli kabla ya kuifua, naye anavuta. Maelezo ya namna hii, chombo kwa chombo na mkono kwa mkono, yana nguvu kuliko kusema tu "nilifanya kazi kwenye vumbi".

Njia tatu zikiwekwa pamoja

| | WCF | Kesi dhidi ya mwajiri | Kampuni ya nje |
|---|---|---|---|
| Lazima kuthibitisha uzembe? | Hapana | Ndiyo | Kesi ndiyo. Mifuko ya kampuni za Marekani zilizofilisika hapana, ila bidhaa itajwe |
| Muda | Miezi 12 | Siku 60 CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Miaka 3 mahakamani | Hutegemea nchi, na mara nyingi ukomo wa Tanzania pia |
| Gharama ya kuanza | Nakala na nauli | CMA bure. Mahakamani ada na wakili | Kubwa, isipokuwa wakili akikubali kulipwa akishinda |
| Hasara inayofidiwa | Mshahara, matibabu, wategemezi | Hizo pamoja na maumivu na mateso | Kama kesi, au kiwango cha mfuko |
| Mke aliyefua ovaroli | Hahusiki | Anaweza kudai | Anaweza kudai |

WCF: njia fupi, yenye kikomo chake

Mfuko ulianzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 20 ya 2008, na waajiri wa Tanzania Bara walianza kuuchangia Julai 2015. Uzuri wake ni kwamba huulizwi nani alikosea. Unaulizwa kama ugonjwa umetokana na kazi. Saratani inayotokana na asbesto imo kwenye orodha ya magonjwa ya kazini ya Shirika la Kazi Duniani, kwa hiyo uhusiano wenyewe si jambo la kubuni.

Malipo yanafuata mshahara. Kwa ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya mshahara, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 900,000 atapata 630,000 kwa mwezi. Ulemavu wa kudumu hupimwa kwa asilimia: wa kiwango cha chini hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi asilimia 30 hulipwa kama pensheni ya kila mwezi. Yapo pia matibabu, malipo ya msaidizi wa mgonjwa, gharama za mazishi na fidia ya wategemezi. Maumivu yenyewe hayalipwi.

Taarifa ipelekwe ndani ya miezi 12. Usihesabu kuanzia siku ulipopata nguvu ya kwenda mjini. Hesabu kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye ripoti ya kinyama, na kama kuna karatasi ya mapema zaidi inayotaja ugonjwa huu, anzia hapo. Mwajiri ndiye anayetakiwa kujaza fomu, lakini akikwepa, mgonjwa au ndugu apeleke taarifa mwenyewe na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Mambo matatu hukwamisha. La kwanza ni barua ya daktari inayosema "saratani ya kifua" na kuishia hapo. Inatakiwa itaje ugonjwa kwa jina, itaje kazi na miaka yake, kisha iseme wazi kwamba kwa maoni ya daktari ugonjwa umesababishwa na kazi hiyo. La pili ni mshahara: aliyeacha kazi mwaka 1988 alikuwa na mshahara ambao leo haununui kitu, kwa hiyo uliza kwa maandishi ni mshahara upi umetumika kwenye hesabu. La tatu, na ndilo zito, ni waliostaafu kabla ya Julai 2015. Mwajiri wao hakuwahi kuchangia kwa ajili yao, na sheria ya zamani ya fidia ilikuwa na viwango vidogo mno. Kwa mtu wa kundi hili tunashauri dai lipelekwe hivyo hivyo, likieleza kwamba ugonjwa wenyewe umejitokeza sasa, na majibu yadaiwe kwa barua yenye sababu. Barua ya kukataliwa ni kielelezo kizuri mahakamani. Jibu la mdomo la karani halina kazi.

Ushahidi wa ajira ndio unaowatesa wengi. Anza na taarifa ya michango ya NSSF au PSSSF, kwa sababu inaonyesha mwajiri na miaka. Kadi ya NPF, mfuko uliotangulia NSSF, inafaa. Kadi ya NUTA, JUWATA au OTTU, vyama vya wafanyakazi vya zamani, inafaa. Barua ya kupandishwa cheo, kitambulisho cha getini, picha ya wafanyakazi mbele ya meli, vyote vibebwe. Kibarua ambaye hana hata kimoja atafute wenzake wawili waliofanya naye kazi, kila mmoja aape kivyake mbele ya kamishna wa viapo. Viapo viwili vilivyonakiliwa neno kwa neno humpa wakili wa upande wa pili kazi rahisi. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza; waombe ripoti za ukaguzi wa sehemu ya kazi na za upimaji wa afya za wafanyakazi, ambazo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inazidai.

Kesi dhidi ya mwajiri: malipo mapana, milango mingi ya kuangukia

Hapa lazima uonyeshe kwamba mwajiri alijua, au alipaswa kujua, na hakuchukua hatua. Kwa asbesto hoja hii haina ugumu sana. Uingereza iliweka kanuni za vumbi la asbesto viwandani mwaka 1931. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mezotelioma kutoka Afrika Kusini, wengi wao wakiwa wametoka eneo la migodi ya asbesto. Hapa kwetu, Sheria ya Viwanda, Sura ya 297, ya tangu 1950, ilikuwa tayari inamtaka mwenye kiwanda awakinge wafanyakazi na vumbi. Mwajiri wa miaka ya 1970 hawezi kusema habari hizi zilikuwa hazijafika.

Ugumu uko kwenye mlango wa kuingilia. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinaipa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, madai ya uzembe yanayotokana na ajira ambayo thamani yake iko chini ya kiwango cha Mahakama Kuu. Kanuni za 2007 zinatoa siku 60 za kufungua mgogoro. Wengi huenda moja kwa moja mahakama ya wilaya, na baada ya mwaka mzima pingamizi la awali linakubaliwa: kesi imefunguliwa pasipo stahili. Wakirudi CMA, siku 60 zimepita zamani. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wakili wako liwe hilo, na jibu lake aliandike. Ukiwa umechelewa, fomu F.1 ya mgogoro iambatane na fomu ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na kila wiki ya kuchelewa ielezwe kwa karatasi: kulazwa, kusubiri majibu ya kinyama, safari ya Muhimbili.

Kama dai ni la mahakama ya kawaida, mfano la mke wa fundi, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3. Mwajiri atasema miaka hiyo ilianza kuhesabiwa pale vumbi lilipovutwa. Hoja ya mdai ni kwamba haki ya kushitaki huzaliwa madhara yanapotokea, na mezotelioma haikuwepo miaka ile. Mahakama haina uhuru wa kuongeza muda wa kufungua kesi kwa huruma tu. Kifungu cha 44 kinampa Waziri wa Sheria uwezo wa kuongeza hadi nusu ya muda uliowekwa, na ombi hilo huandikwa mapema, halisubiri kesi itupwe.

Mwajiri akiwa serikali, halmashauri, wakala au shirika la umma, kuna taarifa ya siku 90 kabla ya kushitaki, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, na kesi ni ya Mahakama Kuu. Mwanza ina watu wengi wa kundi hili, maana reli, meli na viwanda vingi vilikuwa vya umma. Kwa shirika lililobinafsishwa au kufutwa, tafuta mkataba wa mauzo unasema nani alibaki na madeni. Majukumu ya PSRC, tume iliyobinafsisha mashirika ya umma, yalikwenda CHC, shirika hodhi la serikali, na ya CHC yakaishia kwa Msajili wa Hazina; barua ya kuuliza ianzie huko. Ukigundua mnunuzi alichukua mali bila madeni, na muuzaji hayupo tena, kesi hiyo haina wa kulipa hata ukishinda. Hapo tungemwambia mgonjwa aache, fedha yake iende kwenye matibabu.

Na aliyefanya kazi reli miaka 8, meli miaka 10, kisha gereji? Kila mwajiri atamsukumia mwenzake. Mwaka 2002, katika kesi ya Fairchild dhidi ya Glenhaven, mahakama ya juu ya Uingereza ilikubali kwamba kwa mezotelioma inatosha kuonyesha mwajiri aliongeza hatari kwa kiasi cha maana. Uamuzi huo hauzibani mahakama zetu, lakini husomwa na kuheshimiwa, na wakili wako autaje.

Afya ikidhoofika, wakili aombe mgonjwa asikilizwe mapema, au mahakama imteue mtu wa kuchukua ushahidi wake kitandani. Ombi hili lipo kisheria na halitumiki vya kutosha.

Kampuni ya nje: jina kubwa, njia ndefu

Hadithi za mamilioni zinazosambaa kwenye simu hutoka huku, na ndizo zinazowapotosha watu zaidi. Mfuko wa serikali ya Uingereza wa mezotelioma ni wa waliovuta vumbi Uingereza. Mifuko ya Afrika Kusini, kama Asbestos Relief Trust ya 2003, hulipa waliofanya kazi kwenye migodi na shughuli zilizotajwa. Mzee wa Mwanza aliyewahi kwenda kuchimba asbesto huko aiulizie. Asiyekwenda aachane nayo.

Kushitaki kampuni mama Uingereza kunawezekana. Mwaka 2000, kwenye kesi ya Lubbe dhidi ya Cape, kampuni ya Uingereza iliyochimba asbesto Afrika Kusini, waathirika wa Afrika Kusini waliruhusiwa kuendelea London kwa sababu nyumbani wasingepata uwakilishi. Mwaka 2012, Chandler dhidi ya Cape ilithibitisha kuwa kampuni mama inaweza kuwajibika kwa mfanyakazi wa kampuni tanzu. Lakini tazama mwisho wa ile ya kwanza: mwaka 2001 walikubaliana paundi milioni 21, Cape ikashindwa kulipa, na mwaka 2003 wakapokea milioni 7.5, wadai wakiwa takribani 7,500. Isitoshe, mahakama ya Uingereza kwa kawaida hutumia sheria ya mahali madhara yalipotokea, pamoja na ukomo wake wa muda. Aliyepitwa na miaka 3 Mwanza asidhani London inamfungulia upya.

Marekani kuna mifuko ya kampuni zilizofilisika, ukianzia na ule wa Johns-Manville iliyofilisika 1982. Mingi huyaweka madai ya walioathirika nje ya Marekani na Kanada kwenye kundi lake, na kuyapitia moja moja. Huwezi kuingia bila kutaja bidhaa. Jina kwenye boksi la gasketi, chapa nyuma ya bati, kibao cha injini, daftari la vipuri la meli: hivyo ndivyo vinavyofungua mlango. Picha ya bati kuukuu ipigwe bila kulivunja wala kulikwangua. Yeyote anayekutoza ada ya kujiandikisha kwa M-Pesa ili akuingize kwenye fidia ya Marekani ni tapeli.

Mgonjwa akifariki, na asiye na mwajiri

Cheti cha kifo hufuata sababu iliyoandikwa hospitali. Ikiandikwa "TB" au "kushindwa kupumua" pekee, familia itapigana na karatasi hiyo kila mahali, kwa hiyo mwambieni daktari mapema. Kikao cha ukoo kipendekeze msimamizi wa mirathi kisha mahakama imthibitishe, maana bila barua ya usimamizi hakuna wa kuendesha kesi ya marehemu. Fidia ya wategemezi WCF ina mlango wake, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto viwe tayari. Pensheni ya NSSF au PSSSF ni stahili tofauti; idaini sambamba. Ila kwa hasara moja hulipwi mara mbili, kwa hiyo wakili ajue kila ulichopokea.

Fundi wa gereji ya kwake, au aliyebomoa paa kwa kulipwa kwa siku na mwenye nyumba, WCF kwa kawaida haimhusu. Anayeweza kudaiwa ni aliyempa kazi akijua paa ni la asbesto. Kazi hiyo ina taratibu za NEMC, baraza la taifa la mazingira, za kuondoa na kutupa taka hatarishi, na ofisi yao ya kanda ipo Mwanza. Kama kazi ilifanyika bila kibali, barua ya NEMC inayothibitisha hivyo ni ushahidi mzito wa uzembe. Asiyeweza kumlipa wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, na aende na ripoti ya kinyama siku hiyo hiyo.